Povu kwenye tangi la samaki: je, tununue mashine ya kuliondoa?

Mwezi wa sita, siku chache baada ya mvua kukatika, mama mmoja wa kikundi chetu hapa Goma alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Alisema neno moja tu: "Agronomi, kuja." Nilipofika nikakuta watu wamejaa kwenye uwanja wake. Katika tangi lake la litri 1000 alikuwa na tilapia 60, karibu wafikie kuuzwa, na alikuwa amezihesabu kama pesa ya masomo ya watoto kwa mwezi wa tisa. Sasa 53 zilikuwa zinaelea tumbo juu. Juu ya maji kulikuwa na povu zito la rangi ya chai, kama lile la kupikia maharagi.

"Samaki zangu zote zimekufa. Ni jirani alitia sumu," mama akasema. Jirani mwenyewe alikuwa amesimama pale kwenye lupango, anasikia. Wazee wawili wakasema hapana, ni mazuku. Vijana wa kikundi wao walikuwa na jibu lao tayari: lile povu ndilo limeua, na kwenye simu waliona video ya mashine ndogo inayotoa povu kwenye maji ya samaki. Wakaniuliza kama koperative inaweza kuchanga pesa tuiagize.

Makala haya yanajibu maswali hayo matatu: sumu, mazuku na mashine. Na kuna sehemu moja ya kosa ambayo ni yangu mimi. Nitaisema mahali pake.

Mashine ya povu inafanya nini

Vijana hawakudanganya. Mashine hiyo iko, na inafanya kazi vizuri sana mahali pake. Inatumiwa na watu wanaofuga samaki wa rangi na matumbawe ya bahari ndani ya sanduku la kioo, na pia katika vituo vinavyozalisha vifaranga vya samaki wa bahari.

Ni bomba lililosimama wima. Chini yake pompi inaingiza hewa na kuipasua iwe mapovu madogo sana, madogo kuliko kichwa cha pini. Chakula kilichobaki, ute wa samaki na mavi yao vinaacha protini ndani ya maji. Protini nyingi ziko na upande mmoja unaopenda maji na upande mwingine unaoyakimbia. Zikikutana na povu, upande unaokimbia maji unashika kwenye hewa, na protini inapanda nayo. Juu ya bomba kuna kikombe. Povu linamwagikia mle, na kila siku mwenye samaki anamwaga maji meusi yanayonuka.

Wenye matumbawe huwa wanaweka chini ya kioo chao sanduku la pili lililogawanywa vyumba vitatu. Chumba cha kwanza ni cha mashine ya povu. Hapo kuna ukuta mdogo unaoshika maji kwenye kimo kimoja, sababu maji yakipanda kikombe kinajaa maji matupu, na yakishuka povu halifiki juu. Chumba cha pili wanakiita refujiamu, maana yake kimbilio. Humo wanaotesha mwani, na mwani unakula mbolea iliyobaki ndani ya maji. Chumba cha tatu ni cha pompi inayorudisha maji juu.

Angalieni mpango huo: uchafu unatolewa kwanza, kabla haujaoza, kisha mimea inakula kilichobaki, kisha maji safi yanarudi. Sisi tunahitaji mpango huo huo. Mashine yenyewe hatuihitaji, na sababu yake ni chumvi.

Katika litri moja ya maji ya bahari kuna karibu gramu 35 za chumvi. Chumvi hiyo inazuia mapovu madogo kuungana. Yanabaki madogo, yanapanda polepole, na protini inapata nafasi ya kushika. Katika maji baridi kama yetu mapovu yanaungana mara moja, yanakuwa makubwa na kupanda mbio bila kubeba kitu cha maana. Mtu anaweza kusema, "Lakini maji ya Ziwa Kivu iko na chumvi." Ni kweli, ukiyaonja unasikia. Lakini ni kama gramu 1 tu kwa litri. Mashine hiyo ukiiweka Goma itatoa povu siku ile maji yamekwisha kuharibika, na siku nyingine itakula umeme bure. Kwa hiyo jibu langu kwa vijana ni hili: pesa hiyo tuiweke kwenye mapipa, tiyo na pompi moja nzuri.

Kilichoua samaki

Turudi kwenye uwanja wa mama. Jambo la mazuku nililimaliza haraka. Mazuku ni hewa nzito inayolala kwenye mashimo na mabonde na kuua anayeivuta, mtu au mnyama. Kuku wa mama walikuwa wamelala chini ya tangi lile lile, na asubuhi walikuwa wazima. Kama ingekuwa mazuku, kuku wangetangulia kufa. (Hata hivyo, msiweke kamwe tangi kwenye shimo linalojulikana kuwa na mazuku. Samaki si kitu, ni ninyi mnaoinama pale alfajiri.)

Kuhusu sumu, niliuliza swali moja: "Mama, jana ulifanya nini kwenye tangi?" Akajibu kwamba maji yalikuwa yananuka, na mvua haikuwapo tena ya kujaza. Basi akalipa vijana wa chukudu wamletee bidoni 25 za maji kutoka ziwani, pale Kituku. Akatoa nusu ya maji ya zamani, akatia mapya. Saa kumi na moja jioni samaki walianza kuja juu na kuhema. Usiku wakafa.

Nilikuwa na karatasi za kupima pH. pH ni kipimo cha ukali wa maji: 7 ni katikati, chini yake maji ni ya asidi, juu yake yanaelekea upande wa maji ya majivu. Pipa la mvua lililobaki kwenye kona lilionyesha 6. Tangi lenyewe, baada ya kuchanganywa, lilionyesha kati ya 8 na 9. Hapo nikaelewa, na nikasikia haya.

Samaki anatoa amonia kwa mashavu na kwa mavi. Kila kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 30 inaacha karibu gramu 28 za amonia ndani ya maji. Amonia iko na sura mbili. Moja ni pole, samaki anaweza kuishi nayo. Nyingine ni sumu kali inayochoma mashavu yake. Ni pH inayoamua sura gani inatawala. Maji yakiwa na joto la digrii 25 na pH 7, katika sehemu 200 za amonia ni moja tu iliyo sumu. Kwa pH 8, ni sehemu 5 katika 100. Kwa pH 9 ni 36 katika 100. Na maji ya juu ya Ziwa Kivu yako karibu na 9.

Tangi la mama lilijazwa mvua ya bati tangu mwezi wa tisa. Maji ya mvua hayana chokaa, na huku kwetu yanapita kwenye moshi wa Nyiragongo, yanazidi kuwa asidi. Bakteria wanaokula amonia wanahitaji chokaa: kwa kila gramu 1 ya nitrojeni ya amonia wanamaliza gramu 7 hivi za chokaa iliyo ndani ya maji. Chokaa ilipoisha, pH ikashuka, bakteria wakalala, na amonia ikaanza kurundikana. Lakini kwa sababu pH ilikuwa chini, amonia hiyo ilikuwa katika sura ya upole. Samaki walikula vizuri, hakuna mtu aliyeona kitu. Siku mama alipotia bidoni 25 za maji ya ziwa, pH ikaruka kwa saa chache, na amonia yote iliyolala ikaamka ikawa sumu.

Kwa hiyo sumu ilikuwamo, lakini hakuna mtu aliyeitia. Na lile povu? Povu lilikuwa ushahidi tu. Lilionyesha kwamba maji yamejaa protini ya chakula kilichozidi na ute wa samaki walioungua.

Sasa kosa langu. Katika mafunzo ya mwaka uliopita ni mimi niliyewaambia wanachama: "Maji yakinuka, badilisha nusu." Kwenye institute tulisoma hivyo, na kwa mtu mwenye maji ya aina moja ni shauri zuri. Sikufikiri kwamba Goma tuko na maji ya aina mbili zisizopatana, mvua na ziwa, na kwamba watu wanahama kutoka moja kwenda nyingine kila mwaka mvua ikikatika. Mama alifuata neno langu kama nilivyolisema. Nilimwambia hivyo mbele ya watu, na jirani akiwapo.

Jinsi tulivyojenga upya

Hapa mjini na katika sehemu kubwa ya Nyiragongo, kuchimba bwawa ni kazi bure. Udongo wetu ni mawe ya volkano, maji yanapotelea chini. Ndiyo maana tunatumia matangi. Lakini mawe hayo hayo, ambayo tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 yalifunika katikati ya mji, na tarehe 22 mwezi wa tano 2021 yakashuka tena, ndiyo dawa nzuri ya kusafisha maji. Yamejaa matundu, na kila tundu ni nyumba ya bakteria.

Tumechukua mpango wa vyumba vitatu wa wale wa matumbawe, tukaupanga kwa vitu vya kwetu. Tangi la samaki limeinuliwa juu ya matofali ya simenti. Kila pipa linalofuata liko chini kidogo kuliko lililotangulia, maji yashuke yenyewe. Pompi ni moja tu, mwishoni.

Pipa la kwanza: uchafu. Ni pipa la plastiki la litri 200. Maji yanatoka kwenye tangi kwa tiyo iliyosimama ndani, mdomo wake uko kwenye kimo cha maji tunachotaka. Tiyo hiyo tumeivika tiyo nyingine nene, iliyokatwa meno chini na matundu machache juu. Meno ya chini yanavuta mavi, matundu ya juu yanavuta povu. Hiyo ndiyo "mashine" yetu ya povu. Katika pipa maji yanaingia katikati, mdomo ukiangalia chini, na yanatokea juu. Uchafu unalala chini. Kila asubuhi unafungua robine ya chini, unatoa bidoni moja ya maji meusi, unapeleka kwenye lenga-lenga na kabichi. Usiache siku mbili, sababu mavi yakiyeyuka kazi yote inahamia pipa linalofuata.

Pipa la pili: mawe. Okota mawe mepesi yenye matundu, ukubwa wa yai la kuku. Usiyatoe karibu na garaji wala mahali penye mafuta. Yaoshe mpaka maji yatoke safi bila majivu. Litri 100 za mawe zinatosha chakula cha gramu 150 mpaka 200 kwa siku, si zaidi. Maji yanyeshee juu ya mawe kama mvua, ili bakteria wapate hewa. Usiyaoshe tena kwa sabuni wala kwa maji ya robine yenye dawa ya kuua vijidudu, utaua bakteria wote. Yakijaa matope, yasuuze kwa maji ya tangi lenyewe.

Pipa la tatu: kimbilio. Kata pipa kwa urefu, jaza kokoto kimo cha sentimita 20, panda matembele au seleri. Bakteria wanageuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati ni mbolea. Matembele yanaila na sisi tunakula matembele. Tafadhali, msilete gugu-maji la ziwani kwa sababu tu linaota haraka. Likitoroka linasumbua ufuo wote.

Mwisho wa kimbilio kuna ndoo kubwa yenye pompi. Tafuta pompi inayoweza kupeleka litri 1000 kwa saa kwenye kimo cha tangi lako, ili maji yote yazunguke mara moja kila saa. Maji yarudi kwa kuanguka kutoka juu, nusu mita hivi. Kuanguka huko ndiko kunakoingiza hewa.

Umeme ukikatika

Hili wenye akwariamu wanalijua vizuri, na sisi tulilisahau mara ya kwanza. Pompi ikisimama, maji yaliyo njiani yanaendelea kushuka. Ndoo ya mwisho lazima iwe na nafasi ya kuyapokea, la sivyo asubuhi utakuta maji kwenye uwanja na tangi liko nusu. Ndiyo sababu mdomo wa tiyo ya kutoka uko juu: tangi haliwezi kushuka chini ya kimo chake. Na tiyo ya kurudisha isizame ndani ya maji, sababu pompi ikisimama itanyonya maji kurudi nyuma.

Sola ndogo yenye betri ni nzuri kama mnaweza. Kama hamwezi, mambo mawili: siku isiyo na umeme msilishe, na alfajiri, wakati hewa ndani ya maji ni kidogo kabisa, mchote kwa ndoo na kumwaga kutoka juu, dakika 10 kila saa. Tilapia hafi kwa kukosa chakula siku mbili. Anakufa kwa kukosa hewa usiku mmoja.

Kuanza polepole

Mawe mapya hayana bakteria. Wanahitaji wiki 4 mpaka 6 kuzaana. Anza na samaki 10, lisha kidogo, ongeza polepole. Ukipata mawe machache kutoka pipa la mwenzako linalofanya kazi, yatie kwenye lako, ni kama chachu kwenye unga. Katika wiki za katikati nitriti inaweza kupanda, na samaki wanahema hata kama hewa iko. Hapo chumvi ya jikoni inasaidia: kilo 1 kwa litri 1000, iliyoyeyushwa kwanza. Lakini usiimwage kwenye kimbilio, matembele hayapendi.

Mama alianza tena na samaki 10 mwezi wa nane, kikundi kikamchangia vifaranga. Leo yuko na 40, na hatutazidisha, sababu samaki 40 wa gramu 250 ni kilo 10, na kwa asilimia 2 kwa siku wanakula gramu 200. Hapo ndipo nguvu ya mawe yetu inaishia. Anayetaka samaki 80 aongeze pipa la mawe kwanza, samaki baadaye.

Mambo ya kubandika ukutani

1. Tangi la mvua na maji ya ziwa usichanganye kwa ghafula. Tangu mwanzo jaza sehemu moja ya ziwa na mbili za mvua, au ning'iniza ndani ya tangi la mvua mfuko wa maganda ya mayai yaliyopondwa au mawe ya chokaa.

2. Ukibadilisha, usizidishe sehemu moja ya kumi kwa siku: litri 100 kwa tangi la 1000.

3. Maji ya robine yaache wazi saa 24 kabla ya kuyatumia.

4. Maji yakinuka, acha kwanza kulisha siku mbili na ongeza hewa. Pima pH kabla ya kugusa maji. Karatasi za kupima ziko kwa agronomi wa kikundi, ni za wote.

5. Povu jeupe linalopasuka mara moja pale maji yanapoanguka si neno. Povu la rangi ya chai linalokaa nusu saa linakuambia umelisha kupita kiasi, au kuna samaki aliyekufa chini. Mtafute.

6. Samaki wakifa, usitupe maji na usiite watu. Chota chupa moja ya maji ya tangi, funga, utuletee siku ile ile.

Hiyo ya sita nimeiweka kwa sababu. Wiki moja baada ya ile asubuhi, mama alichukua kilo mbili za sukari na akaenda kwa jirani yake, akaomba msamaha. Nilimsindikiza, maana na mimi nilikuwa na sehemu yangu. Jirani alitupokea, tukakunywa chai. Kisha akasema, "Kama mngepima maji kwanza, mimi nisingelala siku saba bila kusalimiwa na mtu."

Siku ya mkutano wa mwezi tutafungua mapipa ya mama mbele ya wote na kupima maji ya kila mwanachama. Kila mmoja alete chupa mbili: moja ya tangi lake, moja ya maji anayojazia. Jirani naye amealikwa. Ameomba tumwonyeshe namna ya kukata pipa la matembele.